Chumba Kilichopakana na Jiko

Siku ya kwanza alipoitwa Gangilonga, mtaa wa mlimani mjini Iringa, Sedekia Kalinga hakubisha hodi. Alisimama nje ya nyumba, akalamba kidole, akakiinua juu. Mwenye nyumba, Evarista, mama wa makamo aliyeinuka kwa biashara ya vitunguu, alikuwa akimtazama kutoka dirishani.

"Wewe ni fundi au mganga?"

"Kamwene, mama. Upepo wako unaingilia kusini. Mengine nitakwambia nikiwa ndani."

Ilikuwa Aprili, mwaka 1974. Nyumba ile ya mawe, yenye madirisha ya mbao marefu kuliko mtu, Evarista alikuwa ameinunua miaka michache nyuma kwa Mgiriki aliyekuwa akifungasha arudi kwao. Aliipata kwa bei ya kutupa, na Juni ya kwanza ilipoingia na baridi yake akajua kwa nini. Kila mpangaji aliyempata alihama kabla ya Agosti.

Sedekia alifunga milango yote, akawasha gunzi la mahindi, akalipuliza mpaka likabaki moshi mtupu. Akalipitisha taratibu kwenye fremu, chini ya milango, na pale dari inapokutana na ukuta. Moshi ulipopinda, alitia alama ya chaki. Kufika saa sita kuta zilikuwa zimejaa alama.

"Nilidhani nimenunua nyumba," Evarista alisema. "Kumbe nimenunua chekeche."

"Chekeche lina afadhali, mama. Matundu yake unayaona."

Kwenye ujira, Sedekia hakutaja pesa. Mkewe, Lea, alikuwa na pumu, na chumba walichopanga mjini kilikuwa bati tupu bila dari. Kila baridi Lea alilala ameketi. Sedekia alitaka kile chumba kidogo cha uani kilichopakana na jiko, wakae humo misimu mitatu ya baridi. Evarista akasema mmoja. Wakavutana hadi miwili, na fundi ajitafutie pumba za kutandaza darini.

Pumba alikuwa nazo Bujiku, Msukuma aliyehamia Ubaruku na ng'ombe wake, sasa analima mpunga na kuleta mchele Iringa kwa lori. Alikuwapo siku walipofunga mapatano.

"Pumba sisi tunazichoma," alisema. "Nyie Wahehe mmejenga mlimani kama ndege, halafu mnashangaa upepo."

Sedekia alikuwa ameleta ulanzi, pombe ya mianzi. Kwa akina Kalinga, neno likishanywewa kikombe kimoja halikuhitaji karatasi. Alikunywa kidogo, akampa Evarista. Evarista akakigusisha mdomoni, akakiweka chini.

"Niko kwenye dozi ya hospitali," alisema.

Bujiku akakichukua, akakimaliza huku akicheka. Sedekia aliona kwamba ulanzi haukuwa umepungua. Aliona, akanyamaza. Kumlazimisha mama wa umri ule anywe kungekuwa kumwita mwongo nyumbani kwake. Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa adabu.

Kazi ilimchukua wiki sita. Pumba alizipepeta gunia kwa gunia, maana punje zikibaki panya hupanda kuzifuata, akazichanganya na majivu, akazitandaza darini unene wa shubiri mbili. Nyufa alizijaza udongo wa kichuguu uliokandwa na samadi na katani iliyokatwakatwa. Kwenye madirisha alipigilia vipande vya blanketi kuukuu. Kidirisha kimoja tu, juu ya jiko, alikiacha wazi.

"Hiki usikizibe hata ukiganda," alimwambia Evarista. "Hewa ya mkaa inaua."

Chumba cha uani alikimalizia mwisho. Alikipaka chokaa, akamleta Lea akione. Lea aliweka kiganja kwenye ukuta wa upande wa jiko, akakaa hivyo kwa muda.

"Una joto kama mgongo wa mtu," alisema.

Wiki ya kwanza ya Juni walifika na mkokoteni, Lea amekaa juu ya godoro, khanga mdomoni. Walikuta lori likishusha makabati. Evarista alikuwa mlangoni.

"Afisa misitu amechukua nyumba nzima, fundi. Alipita wiki jana, akakaa sebuleni bila koti, akaipenda. Hataki watu uani."

"Kile chumba ni changu, mama. Tulipatana."

"Tulizungumza. Mimi nilikunywa?"

Sedekia alimtazama. "Hukunywa."

"Basi. Siku zako za kazi nitakulipa, sina ubaya na wewe."

Alimlipa kweli, tena palepale, mbele ya wapagazi. Hicho ndicho Sedekia alichoshindwa kukimeza: kwamba kikombe kile Evarista alikiacha akijua anachofanya. Aligeuza mkokoteni. Watu walimshauri arudi akang'oe blanketi zake, akakataa. Kazi ilikuwa nzuri, hakutaka mtu aseme vinginevyo. Bujiku aliposimuliwa alishika kichwa. "Mimi ndiye niliyekimaliza. Nilidhani ni bahati yangu."

Julai haikumngoja mtu. Lea alibanwa kifua siku tatu, kaka zake wakaja kumchukua, wakampeleka kijijini kwao Kalenga, kwenye tembe lao la udongo lisilopitisha baridi. Sedekia akahamia Ipogolo, bondeni, akawa anamfuata mkewe Jumamosi kwa baiskeli na kuketi kwa shemeji zake kama mgeni.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia Evarista, kwa kuwa alitegemea kuishi pale na kulifanya mwenyewe. Pumba hushuka. Udongo nao huachana na mbao kiangazi kikikaza. Kila Mei lazima mtu apande darini, akung'ute, aongeze, kisha apitishe gunzi upya. Mwaka wa pili, nyumba ya Gangilonga ilianza kupiga mluzi.

Evarista alishuka Ipogolo mwenyewe, na dumu la ulanzi. Alimimina, akatangulia kunywa, akakausha kikombe.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi njoo kesho."

"Chumba kipo?"

"Yupo afisa."

Sedekia alikipokea kikombe, akakipindua juu ya kigoda. "Basi umekunywa ulanzi tu, mama."

Afisa alihama Julai ya mwaka huo wa pili. Evarista aliita mafundi wawili. Mmoja alipaka saruji juu ya udongo, mwingine akaleta pumba zisizopepetwa, panya wakafurahi. Evarista alibaki na kodi ya mwaka mmoja na nyumba ya chekeche. Sedekia alipata wateja wengi kwa sifa za nyumba ileile, na kila mmoja alilipa kabla gunzi halijawashwa. Lea hakurudi mjini.