Lenzi ya Kandambili

Salome Ponsiano alizaliwa Hale, kwenye nyumba za kambi zilizojengewa wakata mkonge, na hadi leo anakaa hukohuko. Babu yake alikuja kutoka Songea kwa mkataba, akisema ukiisha atarudi kwao. Ukaisha, ukaja mwingine, na mwisho akazikwa Hale. Salome naye aliingia kiwandani angali msichana, kwenye mashine ya kusugua nyuzi, na mashine hiyo ikamchukua vidole viwili vya mkono wa kulia. Baada ya hapo jembe lilimshinda. Ugali alijifunza kuusonga kwa kushoto.

Kilichomwinua ni simu. Aligundua kwamba kupiga picha hakutaki vidole vitano: unaikalisha simu kiganjani, unabonyeza kitufe cha sauti ubavuni, basi. Akaanza na watoto wa majirani siku za Idi na Krismasi, akaja kuitwa kwenye vipaimara, maulidi na harusi. Rafiki yake Loyce alipotoka Dar es Salaam akamletea zawadi, lenzi ndogo ya kubana juu ya simu, saizi ya kizibo cha soda. Ukiibana, simu inaona kushoto na kulia mambo ambayo yenyewe haiyaoni. Watu wakawa wanasema, mwiteni yule dada wa picha pana.

Ndiyo sababu Hajira, mama mmoja aliyekuwa amemwona akipiga picha harusini, alimpigia simu kutoka Magoma. Mama yake, Bibi Mwaija, alikuwa ameteleza kisimani akavunjika nyonga, akalazwa muda mrefu, na sasa alikuwa amerudishwa nyumbani. Watoto wake wote walikuwa wamekuja kumwona, na wajukuu juu yake. Hata Sufiani alikuwa amekuja, yule aliyegombana na marehemu baba yao akaondoka na asionekane hata kwenye mazishi.

"Njoo leo, mdogo wangu," Hajira alisema. "Kesho wanaanza kutawanyika, na sijui lini tena."

Salome alipofika alikuta nyumba imejaa na kitanda cha bibi kimeegemezwa ukutani katika chumba kisichozidi mkeka mmoja na nusu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Pita, usiogope miguu ya watu."

Salome alipendekeza wamtoe nje kwa godoro, kwenye mwanga. Bibi Mwaija akakataa. Nyonga haikuwa tayari kunyanyuliwa, na hata ingekuwa tayari, alisema, wote hawa aliwazaa katika chumba hiki, na katika chumba hiki ndimo anataka waonekane.

Basi wakapangwa. Wakubwa wakakaa kitandani kuizunguka miguu ya mama yao, wadogo chini, waliobaki wakasimama. Sufiani alisimama pembeni kabisa, bega likigusa dirisha. Salome akarudi nyuma hadi mgongo ukagota kwenye fremu ya mlango, akatoa lenzi, akakifungua kibanio chake. Kikalia tak. Springi ikaruka ikapotelea chini ya kitanda, na plastiki ikabaki mkononi mwake vipande viwili.

Salome akaishika simu kwa kushoto, akajaribu kuishikilia lenzi juu yake kwa mkono wa kulia, lakini vidole vilivyobaki havikutosha kuituliza mahali pake. Akaiweka kando akajaribu simu peke yake. Nusu ya watu wakawa nje ya picha.

"Nitawapiga mara mbili," alisema kwa sauti ndogo. "Upande huu, halafu upande ule."

"Nusu na nusu?" Bibi Mwaija akauliza. "Wanangu si maandazi, mama. Hicho kidude kimekufa?"

"Kibanio ndicho kimekufa, bibi. Kioo ni kizima."

"Basi kama kioo kizima, kinachotakiwa ni kukishika tu. Hajira, ile sketi yangu ya kijani nisiyoivaa, itoe lastiki."

Hajira akafungua sanduku, akachomoa lastiki kiunoni mwa sketi. Wakaifunga lenzi kwa kuizungusha lastiki kwenye simu. Ilishika, lakini ililala upande, na picha ikatoka na giza kama mwezi mchanga lililomeza watu wa kulia. Wakaifungua, wakafunga tena. Safari hii giza likahamia kushoto.

"Inataka kitako," mtu akasema kutoka dirishani. Alikuwa Sufiani, na tangu Salome aingie hakuwa amemsikia akisema neno.

Akapenya katikati ya ndugu zake, akatoka nje viatu vilikovuliwa, akarudi na kandambili yake moja. Akaomba wembe. Akachuchumaa kizingitini, akakata kisigino cha ile kandambili, akakichana kiwe chembamba, akaiweka lenzi juu yake na kuchora duara kwa ncha ya wembe. Alitoboa taratibu, akijaribisha, akipunguza kidogo, akijaribisha tena, hadi lenzi ikaingia kwenye tundu kwa kusukumwa na haikutaka kutoka. Salome akaelekeza tundu mahali jicho la simu lilipo, na lastiki ikapita juu na chini ya kile kipande cha mpira. Akaitikisa simu. Haikucheza.

"Sasa wewe utarudije?" Hajira akamuuliza kaka yake, akiitazama kandambili iliyobaki bila kisigino.

"Peku," Sufiani akasema. "Si ni kwetu?"

Bibi Mwaija akapapasa shuka ubavuni pake, mahali pa mtu mmoja. "Njoo hapa," akamwambia. "Huko dirishani umesimama kama mgeni."

Akaenda, akakaa. Salome akabonyeza kitufe, akabonyeza tena. Wote walikuwemo, kuanzia mtoto mchanga hadi shemeji aliyefunga macho, na katikati yao mama amemshika mwanawe kifundo cha mkono.

Alipotoka hapo walimfungia mahindi na maharage, naye njia nzima alikuwa akishukuru kimoyomoyo. Alikwenda kwa watu wale akidhani kwamba kibanio kikivunjika na kazi imeishia hapo. Kumbe nyumba nzima iligeuka kuwa mikono yake.

Picha aliisafishia Korogwe mjini, kubwa, akaipeleka Magoma mwenyewe. Alimkuta Bibi Mwaija uani, amesimama kwa fimbo mbili, na Sufiani nyuma yake kwa hatua moja, mikono imetangulia tayari kumdaka. Hakuwa ameondoka na wenzake. Alikuwa ameanza kulima kipande cha shamba cha bondeni, na matope yalikuwa hayajamkauka miguuni.

Bibi aliitazama picha muda mrefu, akipitisha kidole kwenye uso mmoja mmoja.

"Alhamdulillahi," akasema. "Sasa kaa, Salome. Makande yako jikoni, na leo huondoki kabla hujala."