Pasi ya Ijumaa Jioni

Sifa ni za Mungu, aliyeliwasha jua kabla ya sisi kujua kuwasha taa, na ambaye hajachoka kuliwasha kila asubuhi.

Nilipostaafu ualimu kule Suna, mimi na mke wangu tulirudi nyumbani kando ya ziwa, karibu na Mbita. Kijiji chetu kina mtambo wake wa sola. Jua hujaza betri, na kila nyumba ina mita inayotuma ujumbe kwenye simu stima ikielemewa. Lakini kila Ijumaa jioni stima ilizimika kijiji kizima.

Sisi Wasabato hatukujali sana. Saa hiyo chakula kiko tayari, nguo karibu zote zimepigwa pasi, na jua likitua tunaimba kwa mwanga wa koroboi. Aliyeumia ni jirani yangu, mjane Mkatoliki. Alikuwa amenunua mashine ya kuangulia vifaranga, na mayai ya kwanza yalipoa yakaharibika yote. Sasa alikuwa ameweka mengine. Haya nayo yakiharibika, alisema, mashine ataiuza.

"Jaduong'," akaniita juu ya ua, kama tunavyomwita mzee kwa heshima, "nyinyi mnaipokea Sabato, mimi mayai yangu yanapoa. Niombee basi."

Nikamwombea kwa moyo wote. Kisha nikaingia ndani kupiga pasi shati langu jeupe. Simu ikalia: matumizi ni makubwa, tafadhali punguza. Nikadhani wanaambiwa wenye maduka. Kabla sijamaliza kola, stima ikapotea, na nikamsikia jirani akikimbia kuifunika mashine yake kwa mablanketi.

Jumatatu alikuja fundi wa mtambo, binti mpole, akanionyesha simu yake.

"Mzee, ona mstari huu unavyopanda. Ijumaa saa kumi na moja pasi zote zinawaka pamoja, na jua limeshapungua nguvu. Nyumba inayoongoza ni hii."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe mzee wa kanisa ndiye anayetuzimia stima! Maombi mdomoni, pasi mkononi!"

Nikaona aibu. Nikamuuliza fundi tufanye nini.

"Pigeni pasi saa sita mchana. Jua likiwa utosini, stima inabaki hata hatujui tuipeleke wapi."

Kanisani Sabato ya wiki hiyo nilisimama nikaungama, nikaomba kila nyumba imalize kazi zake kabla ya saa nane.

"Pasi mchana, na joto hili?" mama mmoja akauliza. "Mzee, unataka tuyeyuke?"

Tukacheka, lakini tukakubaliana. Ijumaa iliyofuata nilipiga pasi jasho likinitiririka. Saa kumi na moja nilikaa kitini bila kazi, macho kwenye balbu. Jua likatua. Tukaimba wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Taa haikuzimika.

Siku chache baadaye jirani alivuka ua, viganja vyake vimefumbata kitu kinacholia.

"Si wote walioanguliwa, lakini ni wengi. Huyu ni wako, Jaduong'. Mweupe kama shati lako. Naye usimpige pasi."

Mashine yake bado iko, na mimi bado napiga pasi mchana.

Nawe unayesoma, Mungu akuangazie nyumba yako, akakupe na jirani wa kukuambia ukweli huku akicheka. Amina.