Walikolala Korongo wa Turkwel

Lililoninyima usingizi kule Lodwar lilikuwa neno moja nililoliandika kwenye fomu: "hakuna". Fomu ya mradi wetu wa ndege iliuliza kama kuna korongo wanaolala mitini kando ya mto Turkwel. Nikajibu hakuna, wanalala majini, penye kina kifupi. Lakini sikuwahi kuwaona wakilala. Gari la mradi lilinichukua kila siku saa kumi na moja jioni, ndege wakiwa bado wamesimama majini wanakula. Yaliyobaki niliyatoa kwenye vitabu vya chuo.

Ilikuwa miaka ya tisini, na hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza baada ya shahada. Fomu ilikuwa imeshapelekwa Kakuma, kwenye ofisi iliyokuwa ikichagua mahali pa kukata kuni za kambi ya wakimbizi. Pasipo na ndege mitini pangekatwa. Nililijua hilo nilipokuwa naandika.

Siku iliyofuata nilivuka mto kwa miguu, maji yakinifika magotini. Chini ya migunga mama mmoja alikuwa akitikisa matawi kwa fimbo ndefu, maganda yakiwaangukia mbuzi wake.

"Ejok, mama."

"Ejok-noi. Kumbe ni wewe ile mtu ya darubini! Siku mingi unaangalia ekwar yangu kutoka ng'ambo, kuomba haukuja."

Ekwar, akanieleza, ni kipande cha ukingo chenye miti ya familia. Chake alikipata kwa mama mkwe wake. Hata mgeni anayetaka kivuli tu humwomba mwenye nacho. Nikaomba radhi, halafu nikamuuliza korongo wanalala wapi.

Alicheka mpaka akaiegemea fimbo yake. "Mwalimu ya ndege! Angalia bega yako."

Shati langu lilikuwa na kinyesi cheupe, bado kibichi; juu yangu korongo mmoja alikuwa ametangulia kutua.

"Umesimama chini ya kitanda yao. Ngoja jua iingie, utaona."

Gari lilipopiga honi ng'ambo, nililipungia mkono liende. Jua lilipozama, korongo wakaja wawili wawili, wakatua juu ya migunga wakisukumana na kulalamika, taji zao zikitikisika. Ni kweli wengine walibaki majini, lakini waliopanda mitini walikuwa wengi zaidi.

"Na karatasi yako inasema nini?" mama akauliza.

Nikamwambia, na kwamba watu wa kuni wangeisoma. Hakucheka tena.

"Kiangazi, mbuzi inakula hii maganda tu. Bila hii, maziwa ya watoto inatoka wapi?"

Nilirudi mjini kwa miguu nikijibishana na nafsi yangu. Nikisahihisha, mkuu wangu atauliza fomu nyingine nilizijazaje, na huenda kazi ikaishia hapo. Nikinyamaza, pengine hawatafika kwenye ekwar ile. Pengine watafika. Kila nilipojiuliza nilimwona yule mama, ameacha kucheka.

Kesho yake nikapanda lori la mfanyabiashara Msomali mpaka Kakuma, nimekaa juu ya magunia ya unga. Pale ofisini nikaomba fomu yangu. Karani akauliza kuna nini.

"Niliandika nisichokiona," nikamwambia.

Nikakata lile neno, nikaandika: "Wengi hulala mitini. Miti ina mwenyewe, na hajaulizwa." Nikatia sahihi na kumrudishia.