Pompi Niliyoivunja Mpofi

Katika siku zote za ujana wangu, mwanangu, ninayoikumbuka zaidi ni ile niliyowasimamia wanaume wanne wakivunja pompi, pampu ya maji ya zamani, kwa nyundo kubwa, pale Mpofi, nami nikiwaimbia ili wasichoke.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, mwenye duka moja na kamiyo moja ya mizigo, naye alinituma Walikale na dereva wetu kukusanya feraye, yaani vyuma chakavu. Zamani kampuni fulani ilichimba madini ya bati karibu na Mpofi, kijiji cha huko, halafu ikaondoka ikaacha kila kitu porini: mabomba mazito, vipande vya reli, mashine zilizoota majani hadi ndani. Watu walipita hapo kila siku wakienda shambani. Mimi nilipoona vile vyuma niliona mzigo wa kamiyo, basi.

Jirani na hapo aliishi Papa Deo. Alikuwa Mhunde wa milima ya Masisi, mkulima wa maharagwe ambaye vita vilimshusha Walikale bila shamba, akajifunza kufua vyuma akiwa tayari na mvi. Siku niliyofika alikuja akavua kofia, mimi msichana mdogo hivi, akaniomba jambo moja.

"Dada, ile pompi kubwa muiache. Shefu wa kijiji alishanipatia. Mukimaliza kazi yenu, munisaidie na kamiyo tuifikishe ku muto."

"Haina shida, Papa," nilijibu.

Kesho yake alikwenda Itebero kwa miguu kutafuta bolti na beringi. Mvua ikaanza kuharibu barabara, dereva akaanza kunung'unika kwamba tutakwama. Ile pompi ilikuwa nzito mno kuipakia ikiwa nzima, na nikiipeleka mtoni kwanza ningepoteza siku nzima. Nikajiambia mzee atapata nyingine. Nikaita wale wanaume. Gamba lake la nje lilipasuka kama chungu. Ndani mlikuwa na gurudumu la shaba lenye mabawa yaliyopinda, nikaliweka pembeni kwa sababu shaba ina bei nzuri. Sina sababu nyingine ya kujisifia nayo.

Papa Deo alirudi siku ya tatu, miguu imevimba, mfuko wa bolti mgongoni. Aliangalia vipande ndani ya kamiyo. Nilijiandaa kutukanwa. Nilikuwa hata na majibu tayari. Yeye akasema tu, "Kuya, nikuonyeshe muntu."

Alinipeleka nyuma ya nyumba za jirani, ambako mwanamke mmoja aitwaye Mama Furaha alikuwa ameketi chini, miguu imenyooshwa, akiponda mawe kwa nyundo juu ya kipande cha reli. Hivyo ndivyo wanawake wa pale walivyotoa madini: wachimbaji wanawaletea mawe, wao wanayaponda hadi yawe unga, kisha wanauosha mtoni hadi ubaki ule mchanga mzito mweusi wa bati. Mama Furaha alikuwa mweupe kwa vumbi hadi kope. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikuwa na kucha. Kila baada ya mapigo machache alikohoa.

"Muulize ile pompi ilikuwa ya kazi gani," Papa Deo aliniambia.

Nikauliza. Uso wa yule mama ukachangamka.

"Aa, ile! Papa Deo anasema maji ya muto itaisukuma, na yenyewe itazungusha machini ya kuponda mawe. Na tena kwa materinite, fasi ya kuzalia, tutapata taa, sababu mazutu ya grupu ya umeme haifikake tena huku. Mi niko nahesabu siku, dada. Hii mikono inataka kupumzika."

Papa Deo hakunisaidia. Alisimama pale, anaangalia milima. Ikanibidi niseme mwenyewe.

"Nimeivunja, Mama."

Mama Furaha alinitazama, halafu akainamisha kichwa na kuendelea kuponda. Hakunilaani. Mwanangu, nimepigwa na maisha mara nyingi, lakini ile sauti ya nyundo bado ndiyo fimbo iliyoniuma kuliko zote.

Njiani nililia. Papa Deo akaniacha nilie, kisha akauliza, "Mbele ya kuvunja, uliuliza ile kitu inaweza kufanya nini?"

"Hapana, Papa."

"Hiyo njo kosa yako. Kuvunja, hata mimi nilishavunja vitu mingi. Sasa gurudumu ya ndani iko wapi?"

Nilipompa lile gurudumu la shaba aligeuza mabawa yake kwa kidole, moja moja, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu. Alisema roho ya pompi iko nzima, tuitafutie mwili.

Dereva alitaka tuondoke. Nilikataa, na tukashusha mzigo wote. Hapo ndipo nilipoanza kumjua yule mzee. Alikuwa anakiangalia chuma kilichotupwa jinsi mpishi anavyoangalia sokoni: hiki kitafaa kwa hili, kile kwa lile. Bomba nene la kampuni tulilikata likawa gamba jipya. Vifuniko vyake tulivipata kwenye ngoma za breki za kamiyo moja iliyotumbukia bondeni miaka iliyopita, na alterneta ya kamiyo hiyohiyo ndiyo ingetoa umeme wa taa. Resori zake, zile springi, chuma kigumu kuliko vyote, Papa Deo alizichoma motoni akazifua kuwa nyundo za ile mashine ya kusaga mawe. Vipande vilivyobaki akawafulia wachimbaji mitaimbo.

Shida ilikuwa kuchomelea. Parokia ilikuwa na grupu, yaani jenereta, lakini haikuwa na mazutu, dizeli yake. Mazutu pekee iliyobaki Mpofi ilikuwa ndani ya kamiyo ya baba yangu.

"Ukitoa hiyo, tunalala huku," dereva aliniambia. "Na muzee, baba yako, atatufukuza wote wawili."

Niliitoa.

Jaribio la kwanza lilishindikana. Tulifungua maji, mshono ukapasuka, nikalowa kuanzia kichwani, na nusu ya mazutu ilikuwa imeshakwisha. Nilikaa kwenye matope nikitaka kufa. Papa Deo alichuchumaa karibu na ule ufa, akautia kidole, akacheka kabisa.

"Muzuri! Sasa tunajua fasi ya kuongeza chuma."

Tuliongeza. Siku nne baadaye tulifungua maji tena. Gurudumu lilisita, likazunguka, mkanda ukakazika, na mashine ya kusaga ikaanza kunguruma. Wanawake walimwaga mawe juu, unga ukatoka chini. Wote walipiga vigelegele isipokuwa Mama Furaha. Yeye aliendelea kuponda yake pembeni, hakuamini. Baadaye kidogo akasimama, akakinga kiganja pale unga unapotoka, akausugua kati ya vidole. Kisha akaiweka nyundo chini taratibu, akanishika mkono. Jioni ile taa iliwaka kwenye materinite, na mkunga alitoka nje mara tatu kuitazama kupitia dirishani.

Baba, aliyelazimika kututumia mazutu ya kurudia, alinikasirikia kweli, na alikuwa na haki. Hata hivyo miezi michache baadaye alikuja Mpofi mwenyewe pamoja nami, akasimama mbele ya ile mashine, akauliza maswali hadi Papa Deo akachoka kujibu. Akaniruhusu nibaki nijifunze. Nilijifunza miaka sita. Leo nina karakana yangu hapa Kirotshe, na mashine tulizounda kwa vyuma vilivyotupwa zinazunguka kwenye mito ya Masisi na Walikale. Papa Deo amelala kwao mlimani, katikati ya mashamba ya maharagwe. Sijakutana na injinia aliyenifundisha zaidi ya mkulima yule.

Basi sikiliza, mwanangu. Kabla hujaita kitu takataka, uliza kilikuwa cha nini, na nani bado anakingoja. Ukiahidi mtu, usimgeuke akiwa safarini. Ukikosea, nenda ukaseme mbele ya uliyemuumiza, kwa mdomo wako, kisha utoe kilicho chako kurekebisha, hata kama kinakuuma. Na ukimkuta mtu anayejua kazi, hata kama nguo zake zimechanika, kaa karibu naye ujifunze.

Mungu wa milima hii akupe macho ya kuona na mikono isiyochoka kujenga. Barabara zako zipitike, nyumba yako iwe na mwanga, na siku ukizeeka, wawepo vijana wa kukusikiliza kama ulivyonisikiliza mimi leo.