Fundo za Upande wa Kushoto

Siku yangu ya kwanza ku lopitali hawakunipa sindano. Walinipa ndoo. Masere mukubwa wa blok alinionyesha mulima wa nguo zenye damu, akaniambia: «Mama, damu unaanza na maji ya baridi. Ya moto inapika damu mu nguo.» Mwanamuke gani hajui ile? Lakini nilijibu, «Ndiyo, Masere,» juu nilitafuta kazi.

Blok ndiyo ile nyumba ya kupasulia wagonjwa. Masere, mutawa wa kanisa, ndiye aliitawala. Alikuwa mufupi, na miwani mikubwa, na macho yake iliona vumbi mbele vumbi haijaanguka. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya sabini, inchi imetoka tu kubadilisha jina, inaitwa Zaïre. Mimi nilikuwa mwanamuke kijana wa mutaa wa Rwambuzi, na miaka ine tu ya masomo, na mashini ya kushona ya mama yangu ku nyumba.

Ninyi wajukuu wangu, na zaidi weye Neema unayesoma kazi ya kuuguza, munaniulizaka namna gani siye tulikuwa tunafunga vidonda. Nitawaambia. Lakini siwezi kueleza sindano bila kueleza wivu, juu vyote viwili vilikuwa mu huu mukono wangu wa kushoto.

Mimi ni wa mukono wa kushoto, munajua. Mwalimu alinipiga juu ya ule mukono mpaka akachoka. Ku lopitali ndiyo ulinilisha. Nguo za blok zilikuwa zinatoboka, na mimi nilizishona pembeni ya jiko ya kuchemshia vyombo. Siku moja Masere alichukua nguo moja, akaiweka mbele ya dirisha, akatafuta mahali pa tundu, hakupaona.

«Nani alishona hii?»

«Mimi, Masere.»

«Na mukono gani?»

Nikaficha mukono nyuma. Akacheka, mara ya kwanza nimuone meno. «Kesho upite ku soko, uniletee ngozi ya mbuzi. Mbichi.»

Basi nilijifunza juu ya ile ngozi ya mbuzi. Sindano ya kidonda haiko sawa na ya nguo: imepinda kama kucha ya kuku, na hauishike na vidole, unaishika na pensi, koleo kidogo ya chuma. Unaingiza wima, haulalishe. Unageuza kiganja, sindano inatoka yenyewe ng’ambo, umbali sawa na pale iliingilia. Ndani ya mwili tulitumia katgiti, uzi wa matumbo ya kondoo, mwili unaikula yenyewe. Juu ya ngozi tulitumia hariri ao nilo, ndiyo nailoni, na ile lazima uitoe. Ku uso siku tano, ku muguu hata siku kumi na mbili. Mimi nilikuwa nalala na ile hesabu mu kichwa kama wengine wanalala na sala.

Mutu wangu wa kwanza alikuwa muchuuzi mumoja, kamyo ilianguka naye njiani ya Mambasa. Wagonjwa walikuwa wengi, mikono michache. Masere akapiga kelele: «Felisi, nawa!» Nikanawa. Nilimufunga mukono wake pointi moja-moja, nikakaza kila fundo kama pindo ya robo ya ndoa, gauni ya bibi-arusi. Nilijisifu usiku muzima. Asubuhi mukono umevimba, nyuzi zimezama mu nyama kama kamba mu shingo ya ngombe. Masere alinivuta na sikio mbele ya wagonjwa.

«Nguo haivimbe! Mutu anavimba! Unapofunga, acha nafasi ya kesho.»

Ile sikio inaniuma mpaka leo, na ile neno sikuisahau. Kisha nilikuwa muzuri. Ninaisema mwenyewe, juu wale waliopashwa kuisema wamekufa. Kingo za kidonda zinapashwa kukutana na kuinuka kidogo, kama midomo ya mutu anayetaka kupiga muluzi, kisha zinalala zenyewe. Fundo zote upande mumoja, mbali na kidonda. Wengine wote mu blok walikuwa wanaziweka kuume. Zangu zilikuwa kushoto. Dokta Direktere, mukubwa wa lopitali, bwana mumoja murefu, sauti ya chini, alikuwa anapita juu ya mushono wangu bila kusema kitu. Kwake yeye, kunyamaza ilikuwa sifa. Hivyo nilikuwa nafikiri.

Basi akafika Bernadeta.

Alitoka Butembo, na diploma yake mu plastiki, vidole virefu, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri mpaka unataka kukivuta. Masere aliniambia: «Mama Felisi, muonyeshe blok.» Nikamuonyesha yote: makasi wapi, nyuzi wapi, jiko namna gani inawashwa wakati mafuta iko kidogo. Ile juma moja, yeye akakaa pembeni ya Dokta kumushonea. Mimi nilingojea kiti kile miaka. Yeye alingojea siku ine.

Na Dokta, ule Dokta wa kunyamaza, siku moja aliita watu wote karibu ya mugonjwa mumoja aliyekatwa paji la uso. «Muangalie mushono wa Bernadeta. Huyu bwana ataoa tena mara mbili!» Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Meno yangu iliuma.

Kama angekuwa mubaya, ningepata kupumzika. Lakini aliniita Yaya. Alinisalimia wa kwanza. Aliporudi kutoka kwao aliniletea maharagi. Ilikuwa tamu, na ile pia ilinikasirisha. Kila mara alipotoa nyuzi za mugonjwa, mimi nilipata sababu ya kupita pale na ndoo, niangalie kovu yake. Nilitafuta kosa kama mutu anatafuta pete mu mchele. Sikuona.

Halafu siku moja niliona. Ao nilifikiri nimeona.

Mama mumoja, tutamuita Mama Losa, alijikata muguu na jembe mu shamba. Alikaa siku mbili ku nyumba, walimuwekea mavi ya ngombe juu ya kidonda, kisha ndipo wakamuleta. Siku ya posho, ndiyo Jumamosi, Bernadeta alimuosha na maji na sabuni muda murefu, akakata nyama iliyokufa, akaweka ndani kitambaa chembamba cha kunyonya uchafu, akafunga bandeji juu. Hakushona. Kidonda kilibaki wazi.

Mimi nilisema mu roho: ah! Kumbe anaogopa miguu. Anajua tu sura za mabwana.

Sheria nilikuwa nayo mu masikio, Masere aliisema mara nyingi: kidonda chenye uchafu hakifungwe siku ile. Unakiosha, unakiacha wazi siku ine ao tano, kikiwa chekundu na safi ndipo unashona. Nilijua. Lakini wivu inakuambia kama ile sheria ni ya wengine. Siku ya Mungu Bernadeta alienda kanisa, Masere alikuwa mu kapela yao. Nikachukua pensi. Nikamuchoma Mama Losa sindano ya kuzuia uchungu, nikatoa kile kitambaa, nikafunga. Pointi kumi na ine, sikupata kushona muzuri vile mbele wala nyuma.

Mama Losa mwenyewe alifurahi. «Kumbe weye ndiye fundi! Ule mwingine aliniacha wazi kama mulango ya duka.»

Yesu wangu, maneno yale ilikuwa asali.

Siku ya pili mimi wala Bernadeta hatukupewa kazi mu sale, chumba cha Mama Losa, nikashukuru, juu sikutaka Bernadeta aone mbele Dokta hajaona. Ku bandeji niliandika: isifunguliwe mpaka Dokta. Siku ya tatu Dokta akapita, siye wote nyuma yake. Mama Losa alikuwa ametoka mu akili juu ya homa, anaita mama yake aliyekufa. Dokta alipofungua bandeji, harufu ilitupiga mbele. Muguu umevimba, unang’aa. Na nyuzi zangu kumi na ine zimesimama pale, safi, kama askari mbele ya nyumba inayoungua.

«Nani alifunga hii?»

Mu karatasi ya mugonjwa jina ilikuwa moja tu. Dokta akamugeukia Bernadeta. «Weye? Mavi ya ngombe ndani, na unafunga? Diploma yako ulinunua ku soko?»

Bernadeta aliinama juu ya muguu. Fundo zote kushoto. Mu blok nzima mukono wa kushoto ulikuwa mumoja tu. Aliinua macho, hakumuangalia Dokta, aliniangalia mimi. Neno moja tu na ningekwisha. Akasema: «Dokta, tutoe nyuzi kwanza. Mama anaumia.»

Akachukua makasi.

Sasa nitawaambia ukweli, hata kama Neema atasikia haya. Nilinyamaza. Nilikuwa napima: wakimufukuza, kile kiti kitakuwa changu. Alikata uzi wa kwanza, usaha ikatoka. Nilinyamaza. Alikata wa pili. Alikata wa tatu, na Dokta bado anamutukana juu ya kichwa chake, na yeye anapangusa polepole, anamuambia Mama Losa, «Pole mama, pole.» Ku uzi wa ine ndipo kinywa changu kilifunguka.

«Ni mimi, Dokta. Nilifunga siku ya Mungu. Yeye aliacha wazi, na alikuwa na haki.»

«Juu ya nini ulifanya vile?»

Nilikuwa na uongo mbili tayari. Ikatoka ile ya kweli: «Juu ya wivu.»

Masere alitoa miwani, akaipangusa, ingawa haikuwa na kitu. Dokta akanionyesha mulango na kidole. «Wivu haina dawa mu farmasi yangu, Mama Felisi. Rudi ku ndoo.»

Nikarudi ku ndoo. Na kazi ya kuosha muguu wa Mama Losa asubuhi na mangaribi walinipa mimi. Homa ilipomuacha, akajua mambo yote, na ule mama alikuwa na ulimi. «Fundi wa robo, leo unanishonea nini? Uniweke mifuko mbili, nipate pa kutia chumvi!» Wagonjwa wote wanacheka. Mimi nikaosha. Nikaona kwa macho yangu kile Masere alikuwa anasema: kidonda kinajaa kutoka chini, polepole, nyama mupya nyekundu kama mapera ndani. Hakuna fundi anayeweza kuiharakisha. Muguu ulipona. Kama wangeukata, mimi nisingekuwa na kazi, na nisingekuwa na usingizi.

Lakini mbele ya kupona, kidonda kilipokuwa safi kabisa, Bernadeta alikuja na vyombo vyake, Masere nyuma yake. Nikafikiri amekuja kumalizia. Akanitolea pensi, sindano tayari juu.

«Yaya, funga weye. Nilimuomba Masere.»

«Mimi niko mutu wa ndoo.»

«Acha maneno. Mimi nitakushikia kingo.»

Nikafunga. Pointi legevu, na nafasi ya kesho. Yeye alishika kingo kama dada mudogo anashika bakuli. Mutafikiri wivu iliisha pale. Hapana! Iliongezeka. Afazali angenipiga kofi mbele ya watu. Kofi unalirudisha. Wema ule ningeurudisha namna gani?

Miaka ilipita, tukaingia miaka ya makumi nane. Nilirudi ku sindano, nikafundisha wengine. Rosi wangu, mama yako weye Neema, alikuwa na miaka sita. Siku moja alikuwa anacheza kwa shangazi yake ku mutaa wa Saio, wanabadilisha mabati ya nyumba, bati moja ikateleza. Ilimukata kutoka shavu mpaka mudomo wa juu, ikapasua mudomo. Nilimubeba mu mikono mpaka blok. Dokta alikuwa Mambasa. Masere, amezeeka sasa, alitazama mara moja.

«Felisi, weye ao Bernadeta? Chagua mbio.»

Sikilizeni vizuri, juu hii ni kazi. Mudomo una mustari, pale ngozi ya uso inakutana na rangi ya mudomo. Pointi ya kwanza inaanza pale, mbele ya zote. Ukikosa unene wa uzi mumoja, mutoto atatembea na kosa lako mu uso mpaka kaburi. Watu wanasemaka mama hawezi kushona mutoto wake, mukono unatetemeka. Wangu haukutetemeka. Niliunyoosha mbele ya macho yangu, nikauangalia, ulikuwa kimya kama meza. Ningeweza.

«Mumuite Bernadeta,» nilisema.

Alikuja anakimbia, kitambaa cha kichwa kimeanguka mu mabega. Mara ya kwanza nimuone hivyo. Akaangalia Rosi, akaniangalia. «Yaya, weye unaweza.»

«Najua naweza. Weye unaweza zaidi. Usinilazimishe nirudilie.»

Akanawa. Mimi nilishika kichwa cha mutoto, nikaona kwa karibu kile nilitafuta miaka yote: alikuwa hapumue wakati sindano inaingia. Anangojea, anaingiza, ndipo anapumua. Pointi ya mustari aliifanya mara mbili. Ya kwanza ilikuwa muzuri, mimi ningeiacha. Yeye aliitoa, akarudilia.

Siku ya tano nilitoa nyuzi mwenyewe. Fundo zote kuume.

Leo nimeacha kazi, niko mu pansion, hapa Rwambuzi. Bernadeta alirudi kwao Butembo zamani, na maharagi hayafike tena. Macho yangu haioni tundu ya sindano, Neema ndiye ananitilia uzi. Anajisifu kama alikuwa wa kwanza wa klasi yao kushona, na mimi namujibu, weye ni mujukuu wangu, ungekuwa wa ngapi? Lakini nikimuona anamuangalia mwenzake vibaya, namupa ndoo, nasema nenda uchote maji.

Rosi anakuja siku ya Mungu kisha misa. Namuambia aikale karibu ya mulango, kwenye mwangaza, nashika kidevu chake, nageuza uso huku, nageuza kule. Anafikiri ni mapendo tu ya muzee. Mapendo iko. Lakini pia ninatafuta. Miaka hii yote ninatafuta ile kosa pale ku mustari, hata ya unene wa uzi mumoja.

Haiko. Na inaniuma bado.