Mkungu wa Onam
Katika kambi yetu ya wafanyakazi, Muhaisnah, huko Uarabuni, Wahindi wa Kerala waliadhimisha Onam, sikukuu yao ya mavuno, kwa kuvuta kamba. Mwaka huo walikosa wapinzani, wakatuita sisi walinzi wa Kenya. Nahodha wao akacheka: “Nyinyi kazi yenu ni kusimama tu getini!”

Nilichemka. Nikawaambia wenzangu, “Basi tusimame.”

Tulichimbia visigino mchangani, hatukuvuta. Wao walivuta hadi pumzi zikawaishia. Ndipo nikapaza sauti, “Yalla! Vuteni!” Tukawaburuta wote wanane.

Zawadi ilikuwa mkungu wa ndizi mbichi. Wahindi wangeziacha ziive kwanza. Sisi tulizimenya siku hiyohiyo tukazipika na nyama. Harufu ilimleta nahodha, sahani mkononi.

Nikamwonyesha mwisho wa foleni ya chakula. “Simama pale kwanza, bhai.”