Chembe Mbili Zikishakutana

Jumapili moja mchana kaka yangu alikuja kwangu Msambweni na kompyuta ya kazini kwapani. Ni fundi umeme katika hoteli moja ya Diani, na mgeni alikuwa amemwachia filamu ya maelezo kuhusu fizikia na siri za maumbo matakatifu. Nilimpa shikamoo, akaitikia haraka haraka, hata maji hakutaka. Ulikuwa mwezi wa tano tangu tumzike mkewe, wifi yangu, kwao Waa, na muda wote huo kaka hakuwa mtu wa kuzungumza.

"Wewe ndiwe unayefundisha fizikia," aliniambia. "Tazama, kisha uniambie kama ni kweli."

Tukatazama. Duara liliingia ndani ya duara mpaka yakawa ua, ua likawa kombe la konokono, kombe likawa kundi la nyota, na sauti nzito ikasema kila kitu ni kitu kimoja. Nilicheka kimoyomoyo. Halafu wakaeleza kuhusu chembe mbili ambazo, zikishafungamana, hata zikitenganishwa mbali vipi, ukiipima moja utajua hali ya mwenzake papo hapo. Kaka akaisimamisha filamu.

"Na hili?"

"Hili ni kweli. Lakini ni mambo ya vitu vidogo mno."

"Na sisi tumeumbwa kwa vitu gani?"

"Kwa hivyo vitu vidogo."

"Basi?"

Darasani ningejua la kusema: kwamba fungamano lile hukatika upesi, kwamba halipeleki hata salamu. Lakini aliyenikodolea macho hakuwa mwanafunzi.

"Sijui, kaka," nikasema, na sikuelewa kama nimesema kweli au uongo.

Akaniomba bikari ya kuchorea maduara. Nikampa.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwake Ukunda, nimejiandaa kumweleza vizuri. Nikakuta karatasi za maduara zimejaa ukutani, naye anakuna nazi. Tangu msiba alikuwa akiishi kwa mkate mkavu. Alinipakulia wali na samaki, akaanza kunisimulia jinsi wifi alivyokuwa akipotea njia akienda sokoni, mpaka akacheka.

Nilikula nikashiba. Maelezo yangu nikarudi nayo Msambweni.

Wanafunzi wakiniuliza lipi limethibitishwa na lipi bado, huwajibu bila kusita. Akiniuliza kaka, mpaka leo sijui nianzie wapi.